Mashapo ya Kijani

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu Fundi Kassim pale Msambweni, na siku ya hitima wazee wakanitaka niseme machache juu yake. Nikasema yale yasemwayo kila mara: kwamba alikuwa mtu wa watu, kwamba msikitini hakukosa safu ya mbele, kwamba nusu ya kanzu zilizokuwapo pale jamvini zilikuwa zimepita chini ya sindano yake. Watu wakacheka kidogo, wakaitikia amina, nikaketi. Baadaye, nilipokwenda uani kunawa, nilimkuta binti yake Saumu ameinamia masufuria ya pilau pamoja na wanawake wenziwe. Akaniinulia uso, akasema, "Umeliacha lile la shuleni." Nikamjibu kuwa sikuona kama pale palikuwa mahali pake. "Palikuwa mahali pake," akasema, akaendelea kusugua. Basi naliandika hapa, kwa kuwa mbele za watu sikuweza. Ndevu zangu zina weupe mwingi sasa, na wale waliocheka shuleni siku ile wametawanyika huku na huku, lakini nikilikumbuka uso wangu hupata moto kama ulivyopata wakati ule.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mwaka ulioanza na mvua kubwa zilizokula madaraja, hata magari ya Lunga Lunga yakawa hayafiki. Nilikuwa kidato cha nne katika shule ya kutwa, na kwa kuwa kutoka kwetu Bodo mpaka shuleni kulikuwa mbali, nilikaa kwa mjomba. Chumba nilichopewa kilikuwa ghala la vitambaa. Kitanda changu cha kamba kilisimama katikati ya majora ya drili na teteroni na mifuko ya vipande, na harufu ya chumba kile, wanga wa nguo mpya na mafuta ya cherehani, bado hunijia nikipita mlango wa fundi yeyote. Dirisha lilitazama barazani alikoshonea mjomba, kwa hiyo nilisoma huku nikisikia kila neno la wateja, na chini ya maneno yao cherehani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Mkewe, Mama Saumu, ambaye nami nilimwita Mama, hakuwa mbali naye kamwe. Yeye ndiye aliyekipokea kitambaa kwa mteja, akakitazama, akaingia ndani, akatoka na uzi wa kukifaa, akamwekea mumewe mezani bila kusema kitu. Wateja walimtania. "Fundi, wewe hukuoa mke, umeoa karani." Mjomba alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "Nimeoa macho." Watu wakacheka, nami ndani kwenye kitanda changu nikacheka, nikidhani ni maneno ya mapenzi.

Tulikula pamoja baada ya Magharibi, sinia moja katikati, taa ya chemni pembeni. Wali wa nazi ulikuwa wa siku za neema. Siku nyingine ni sima na mchicha, au muhogo na samaki mdogo aliyekaushwa. Hoteli za Diani zilikuwa zimelala mwaka ule, wageni hawaji, na sare za wafanyakazi alizokuwa akishona mjomba zilikuwa zimepungua sana. Lakini sikumbuki kuona sinia likija tupu, wala sikumbuki kuona Mama akila kabla hajanisogezea kipande cha samaki chenye nyama. Mazungumzo yalikuwa juu ya Saumu. Alikuwa amemaliza shule, amekwisha kuposwa na kijana wa Tiwi, na watu wazima walijadili ni nani waalikwe na nani wataudhika wasipoalikwa. Saumu alikuwa akiinuka kwenda kuleta maji kila kijana yule alipotajwa, hata kama maji yapo. Mimi kwangu mazungumzo yalikuwa kemia. Niliipenda kuliko somo jingine lolote, na nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wote pale siniani kwamba nitasoma udaktari wa dawa.

Mwalimu wetu wa kemia aliitwa Madamu Achieng'. Alikuwa ametoka bara, mwembamba, mkali, hajalizoea joto letu, na kila kipindi alikuja na kitambaa cha kufutia uso. Siku alipotufikisha kwenye metali kama shaba, chuma na manganizi, zile ambazo chumvi zake zina rangi, alianza na shaba. Alitia maji ya chumvi ya shaba ndani ya neli ya kioo, akadondosha amonia, na mashapo ya buluu nyepesi yakatanda humo kama maziwa. Akazidi kudondosha. Mashapo yakayeyuka yakatoweka, na mahali pake pakabaki buluu nzito yenye kung'aa, buluu ambayo sikuwahi kuiona kwenye kitu chochote. Nakumbuka nilisimama bila kutambua kuwa nimesimama. Akachora ubaoni shaba katikati, imezungukwa na amonia nne, akasema hiki ndicho kinachoitwa ayoni changamano. Alisema kwa Kiingereza, mimi nililihifadhi kwa Kiswahili: kwamba shaba ikiwa majini huzungukwa na maji, amonia ikija huyasukuma maji na kukaa yenyewe; shaba ni ile ile, ila majirani wamebadilika, na majirani wakibadilika, rangi hubadilika. Jioni nikawaeleza siniani, nikitumia punje za wali kuwa amonia. Mama na Saumu walicheka. Mjomba aliuliza swali moja tu. "Hiyo buluu, uliiona vizuri?" Nikasema niliiona kama ninavyomwona yeye. Akaonekana amefurahi kupita kiasi cha swali lenyewe.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya chuma. Tuligawiwa neli wawili wawili, na mwenzangu alikuwa Mueni, msichana wa Kikamba ambaye wazazi wake walikuwa wakulima kwenye mashamba waliyogawiwa na serikali upande wa Shimba Hills. Chuma, Madamu alitueleza, kina hali mbili majini. Moja hutoa mashapo ya kijani, nyingine hutoa mashapo ya hudhurungi, na kwa rangi hiyo ndipo utajua umepewa kipi. Nikadondosha, mashapo yakaja, nikaandika hudhurungi. Nikadondosha katika neli ya pili, nikaandika hudhurungi tena. Mueni alikuwa amekwenda kuosha neli, hakuona nilichoandika. Madamu alipokuja alisoma jibu langu, akainua ile neli ya kwanza juu ili darasa zima liione. "Hamisi anasema hii ni hudhurungi." Wakacheka. Nikaitazama neli ile ilivyokuwa juu dhidi ya mwanga wa dirisha, nikangoja nione kinachowachekesha. Niliona matope. Niliona matope yale yale yaliyokuwa katika neli ya pili. "Tazama tena," akasema. Nikatazama tena, nikasema, "Hudhurungi, Madamu," na safari hii hata yeye hakungoja kicheko kiishe. Aliniambia nisimame mpaka mwisho wa kipindi, akidhani namfanyia dhihaka.

Sikuwa nimejua. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini mtu hujuaje kwamba wenzake wanaona kitu asichokiona? Nilikuwa najua embe bivu kwa kulibonyeza, na nilidhani kila mtu hulibonyeza kwa sababu hiyo. Nilijua majani ni ya kijani kwa kuwa niliambiwa majani ni ya kijani. Sasa nilianza kujichunguza peke yangu mle ghalani, nikitoa vipande vya vitambaa mifukoni na kuviweka mafungu mafungu juu ya kitanda, kisha nikimwita Saumu kana kwamba ni mchezo. "Haya mafungu yamekaaje?" Alitazama, akasema, "Umechanganya, huyu mtoto," akahamisha vipande upesi upesi, vingine nilivyodhani ni ndugu akavitenga. Nilicheka naye. Alipotoka nilikaa kitandani, nikaona kana kwamba nimevuliwa nguo. Nilihisi nina upungufu wa akili ambao ulikuwa umejificha miaka yote na sasa umeamua kujitokeza mbele ya darasa.

Mueni alinisaidia kabla sijamwomba. "Ni kijani," alikuwa akininong'oneza, akijifanya anafuta meza. "Hiyo nayo ni hudhurungi. Andika, bana, usiniangalie." Kwa namna hiyo nilipita wiki nyingi, hata Madamu akanisahau. Lakini katika mtihani wa majaribio, ule wa muhula wa pili unaotangulia mtihani wa taifa, alimsikia. Alituamuru sote wawili tuweke kalamu chini. Akasema watu wanaopeana majibu hatawapeleka kwenye mtihani wa taifa, hataki aibu shuleni kwake. Mueni akaanza kulia kimya kimya, machozi yakimdondokea kwenye karatasi. Nikasimama. "Yeye hakufanya kosa, Madamu. Mimi ndiye ninayemuuliza. Mimi rangi hizi sizioni." Maabara nzima ikalipuka kwa kicheko. Madamu akasema sababu hiyo ni mpya, tangu aanze kufundisha hajapata kuisikia. Kama ni kweli, nimletee karatasi ya hospitali na mzazi wa kuisimamia.

Kuanzia siku ile sikuwa na amani. Nikipita uwanjani, mtu aliinua kofia, kalamu, tunda, jani. "Hamisi, hii rangi gani?" Nikijibu sawa, walisema nimebahatisha. Nikikosea, waliitana waje wasikie. Hata watoto wa kidato cha kwanza walijifunza. Nilianza kuondoka nyumbani mapema kabla ya wengine na kurudi nikiwa nimezunguka njia ya nyuma ya minazi, na nilipofika, nilipitia uani badala ya barazani ili mjomba asinione uso. Kumweleza mjomba kulinichukua siku kadhaa. Nilipomweleza, alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Aliacha. Hakuniuliza jambo lolote, hakushangaa, na nilidhani hakushangaa kwa kuwa hakuelewa. Akasema tu, "Kesho tutakwenda hospitali, inshallah."

Chumba cha macho kilikuwa kidogo, kina pazia zito na kiti kimoja, kwa hiyo mjomba aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, kofia yake mapajani. Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alifungua kitabu chenye miduara iliyojaa vidoadoa, akaniambia nisome namba iliyomo. Niliisoma ya kwanza. Ya pili sikuona namba yoyote, wala ya tatu, wala zilizofuata. Vidoa tu, kama mchele uliomwagika. Aliandika, akatabasamu, akasema, "Usihofu, hii haiui wala haizidi. Wewe umezaliwa nayo. Kijani na nyekundu na hudhurungi zinakuchanganya, buluu na manjano unaziona vizuri." Sijui kama naweza kueleza nilivyopata nafuu. Haikuwa akili. Ni macho, na ina jina. Kisha daktari, bado akiandika, akaendelea kueleza kama mtu anayependa kazi yake: kwamba jambo hili hupitia kwa mama, ambaye yeye mwenyewe huona vizuri, likamwangukia mwanawe wa kiume, na kwamba mwanamume mwenye nalo huwapa binti zake wote walibebe, nao waje wawape wana wao. "Mara nyingi ukiuliza utakuta mjomba wa mtoto naye anayo. Ana mjomba, huyu?"

"Mimi ndimi mjomba wake," mjomba akasema.

"Ahaa. Nawe mzee, waonaje rangi?"

"Mimi naona vyema, alhamdulillahi."

Daktari, bila nia mbaya, akakigeuza kitabu kumwelekea. "Hebu ukurasa huu." Mjomba akainuka. Akavaa kofia yake, akasema Adhuhuri itampita, akatoka. Adhuhuri ilikuwa bado sana. Jua lilikuwa halijafika hata juu ya paa la wodi. Daktari akanitazama, nami nikatazama sakafu. Nilimkuta mjomba chini kwenye lango, amesimama kwenye jua kali akijipepea kwa kofia yake; karatasi ya daktari nilikuwa nayo mimi. Tulitembea mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, uzi unaowekwa mezani, macho aliyoyaoa, na ule ukimya wake niliposimulia siri yangu. Nilimwonea haya kuliko nilivyojionea mwenyewe. Mtu mzima yule, ambaye watu walimwamkia shikamoo kutoka upande wa pili wa barabara, nilikuwa nimemwona akimkimbia kijana mwenye kitabu.

Asubuhi iliyofuata, baada ya sala ya Alfajiri, nilikuwa bado kitandani niliposikia Mama akichochea moto uani na mjomba akiwa karibu naye kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Harufu ya mahamri ilikuwa imeanza. Ukuta ulikuwa wa udongo, na walidhani nimelala. "Utakwenda naye shuleni?" Mama aliuliza. Mjomba akasema ataipeleka ile karatasi tu. "Karatasi mwalimu ataisema ni ya kununua. Wewe ndiye karatasi." Halafu mjomba akaanza kusema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, ya chini, ya haraka. Alisema ujanani alikwenda kuandikishwa upolisi, akakimbia akawashinda wote, akapimwa kifua na meno, mwisho akafunguliwa kitabu kama kile, na akaambiwa avae shati lake aende. Aliporudi alimwambia baba yake kuwa ameshindwa mbio. Baba yake alikufa akiamini kuwa mwanawe hana mbio. "Na sasa si mimi tu," akasema. "Si nimekwambia alivyosema yule daktari? Binti zake wote. Nikilitamka hilo, si nimemtangaza Saumu? Watu wa Tiwi wakisikia kuwa nyumba hii ina kasoro ya damu?" Mama akageuza mahamri, nikasikia mafuta yakilalama. Akasema taratibu, "Kassim, mtoto wa dadako anachekwa kila siku. Wewe wajua ladha yake."

Alikwenda. Alivaa kanzu nyeupe na koti lake la sherehe, tukafika kipindi cha kemia kikiwa kinaanza. Nilitamani amwite mwalimu nje. Badala yake Madamu alimkaribisha ndani, akampa kiti mbele kwa heshima, akaisoma karatasi. "Shikamoo, mzee. Nimeisoma. Lakini nisamehe, huyu ana miaka kumi na minane. Amejua jana tu kuwa haoni rangi? Na huyu msichana je, nimfanyeje?" Mjomba hakukaa. Alikuwa amesimama kando ya meza ya maabara, mikono nyuma. "Mwalimu, una vile vichupa vya chuma hapa?" Zilikuwapo neli mbili kwenye kishikizo, zimetayarishwa kwa somo la siku ile. Akazichukua, moja kila mkono, akazipandisha kwenye mwanga. Vidole vyake vya ushonaji vilikuwa imara kabisa. "Kwangu mimi hizi ni rangi moja," akasema. "Ni rangi moja, mwalimu, na nina miaka zaidi ya arobaini. Kitu hiki kijana hakukizua. Amekirithi kwetu. Nami ni fundi wa nguo."

Kicheko kilianza nyuma. Alikuwa mmoja kwanza, akakizuia kwa mkono, kisha mwingine, kisha safu nzima. Fundi wa nguo asiyejua rangi! Mtu akasema, "Ndiyo maana suruali yangu," na hapo hata waliokuwa wamejizuia wakaangua. Mjomba alibaki na neli zake juu. Nilihisi damu imenipanda masikioni, nikatamani sakafu inimeze, na kwa kitambo kifupi nilitamani asingekuwa wangu. Halafu nikamwona Mueni. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa wima, amemkazia mjomba macho kama mtu anayemtazama imamu. Nikajikuta nami nimeinua uso. Mjomba alikuwa ananitazama mimi, si wale waliokuwa wakicheka, na alipoona namtazama, akazirudisha neli kwenye kishikizo kwa uangalifu, akasema, "Asante mwalimu, kazi njema," akatoka. Madamu alisimama na karatasi mkononi mpaka darasa likaona haya lenyewe. Kisha akamwambia Mueni, "Jina lako halitaondolewa." Kwangu hakusema kitu.

Alisema baada ya siku chache, jioni, maabara ikiwa tupu. Aliniita, akaweka mezani neli mbili za chuma, akafuta uso kwa kitambaa chake. "Macho siwezi kukupa," akasema. "Na katika mtihani hakuna atakayekuambia rangi. Lakini kimoja katika hivi hakitulii. Keti, kitazame." Nikaketi. Havikuwa na tofauti yoyote kwangu, matope na matope. Tulikaa. Nikaanza kuona kuwa katika neli ya kushoto, juu kabisa, pale mashapo yalipokutana na hewa, palikuwa pamefanya ukingo, tabaka jembamba lenye giza kuliko la chini. Nilisogea. Neli ya kulia ilikuwa vile vile juu mpaka chini. "Ile ya kijani huchukua hewa," alisema, "ikageuka kuwa ile nyingine, kuanzia juu. Rangi huwezi kuiona. Mabadiliko je?" Nikasema nayaona. "Basi utakuwa wewe ni mtu wa kungoja. Wengine watamaliza, wewe utangoja." Hakuniomba radhi kwa kunisimamisha siku ile, nami sikungoja aniombe. Alinikalisha pale mara nyingi baadaye, mpaka nikawa nauona ukingo ule hata kwa mwanga hafifu.

Lakini yale aliyoyaogopa mjomba yalikuja, tena upesi. Habari za maabarani zilitembea kutoka shuleni mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka Tiwi. Alasiri moja wakaja wanawake wawili, shangazi za yule kijana, wakakaa barazani wakanywa chai, wakasifu kaimati. Nilikuwa ghalani na kitabu. Walizunguka maneno sana kabla hawajafika walikokusudia. "Tumesikia nyumbani kwenu kuna upofu," mmoja akasema hatimaye. Mama akawaeleza kwa upole kwamba si upofu, ni rangi mbili tatu tu, na kwamba Saumu mwenyewe anaona kama tai. Wakasema alhamdulillahi, ni kheri, lakini watoto watakaozaliwa je? Cherehani ya mjomba ikasimama. Ikaendelea kusimama. Wanawake wale waliaga kwa heshima zote, na baada ya muda ukaja ujumbe kwamba wameona kijana wao bado mdogo, angoje kwanza. Hakuna aliyelitaja tena pale siniani. Hakuna aliyenilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniuma. Mama aliendelea kunisogezea samaki. Saumu sasa hakuwa na sababu ya kuinuka kwenda kuleta maji.

Siku ya mtihani wa vitendo tuliingia makundi makundi. Nilipewa unga ambao sikuujua, nikauyeyusha majini, nikadondosha dawa kama nilivyoelekezwa. Mashapo yakaja, matope. Nikaiweka neli kwenye kishikizo, nikafanya maswali mengine, jicho langu likirudi huko kila mara. Wenzangu walikuwa wakikusanya karatasi. Msimamizi alitangaza muda umebaki kidogo, na ukingo ulikuwa haujaja. Nikajiambia basi, ni hudhurungi, nikashika kalamu niandike, kisha nikaiweka tena chini. Nikangoja. Na pale juu, polepole sana, nikaona mstari wa giza umejichora, mwembamba kama uzi. Nikaandika: kijani. Ilipofika jioni nilimkuta mjomba barazani. Hakungoja nimwamkie. "Ilikuwa nini?"

"Kijani, Mjomba."

"Uliiona?"

"Sikuiona. Niliingoja."

Akaniangalia kwa muda, akacheka kicheko kifupi puani, akarudi kwenye pindo lake la nguo.

Nilipita uani. Saumu alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi, peke yake, na nikajua kuwa nisipomwambia siku ile sitamwambia tena. Nikachuchumaa mbele yake, nikasema yale niliyokuwa nimeyabeba wiki nyingi: kwamba harusi yake imevunjika kwa ajili ya neli zangu, kwamba lau ningenyamaza, lau nisingeinuka siku ile, baba yake asingekuja na Tiwi wasingesikia. Aliendelea kukuna mpaka kizio cha nazi kikaisha. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Wewe ulikuwepo. Baba alisimamaje?"

Nikamwambia. Ndiyo mara ya kwanza kulisimulia, na ndiyo ya mwisho hadi leo. Nikamweleza kanzu na koti, zile neli mbili mikononi, vidole visivyotetemeka, kicheko kilivyoanza nyuma kikaja mbele, na kwamba hakuzishusha mpaka alipotaka mwenyewe. Nilikuwa nikisema huku uso wangu unawaka, kwa sababu nilikuwa naliona tena, na kwa sababu nilijua ni kitambo gani nilichotamani asingekuwa mjomba wangu. Saumu alisikiliza, nazi ikimkauka mikononi.

"Basi," akasema. "Baba alikwenda mwenyewe. Yule wa Tiwi alituma shangazi zake." Akachukua kizio kingine, akakiweka kwenye meno ya mbuzi, akaanza kukuna.